Wanafunzi 40, boti na mto Wami: jibu kwa mwalimu wa Chalinze

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo: "Habari mtaalamu. Mi ni mwalimu wa bayolojia sekondari ya kata huku Chalinze. Tunataka kuwapeleka kidato cha pili, kama watoto 40, Saadani wakapande boti pale mto Wami unapoingia baharini, waone viboko, mamba na ndege. Mkuu wa shule kaniuliza twende mwezi gani, je ni salama, na tutafanyaje isiwe pikiniki ya kupiga selfi tu. Naomba mwongozo."

Salama mwalimu, na hongera kwa wazo, maana shule nyingi za Pwani zinawapeleka watoto Mikumi kila mwaka wakati mdomo wa Wami uko palepale mlangoni kwao. Wewe toka Chalinze unapanda na barabara ya Segera mpaka Mandera, unakunja kulia, kama kilomita 60 za vumbi umefika Saadani. Na lile daraja la Wami ambalo watoto wako wanalipita wakienda Tanga kusalimia bibi, maji yake ndo hayohayo yanayoenda kumwagika huko, kwa hiyo wakati wa kuwaandaa darasani anzia hapo, usianzie na kiboko. Waambie mto huu unakusanya maji ya eneo la zaidi ya kilomita za mraba 40,000, kuna maji yameshuka Ukaguru na Nguru, mengine yametoka mbali kabisa Dodoma na Kilosa, yamepita Dakawa kwenye mpunga, yamepita miwa, na kila alichokibeba njiani, tope, mbolea, majani, kinyesi cha ng'ombe, mto unakwenda kukitua sehemu moja tu. Hiyo sehemu ndo mnaenda kuiona.

Sasa kuhusu mwezi gani. Mi nakwambia hivi, kabla hujafungua kalenda ya shule fungua kalenda ya mwezi, mwezi wa angani, kwa sababu pale mdomoni anayepanga mtaona nini siyo TANAPA, yaani shirika la hifadhi za taifa, wala nahodha, ni maji kujaa na maji kupwa. Watu wa bara hili jambo linawapita sana. Wanafika saa nne asubuhi siku yoyote ile iliyopatikana gari, wanalipa, wanapanda boti, wanakuta au maji yamejaa mpaka kwenye majani ya mikoko hakuna hata ndege wa kusimama, au yamepwa kabisa boti inakwangua mchanga. Nimeshuhudia kundi la shule moja hivi wamekaa juu ya fungu la mchanga jua la utosi, boti imeegama ubavu, wanasubiri bahari irudi, na walimu wao wanagombana na nahodha kana kwamba yeye ndo aliyeyavuta maji.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuukumbuka. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, toka kujaa mpaka kupwa ni masaa sita na kidogo, na kila siku saa inasogea mbele kama dakika 50. Pwani yetu hii ina bahati, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yanapwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, inageuka, yanajaa mnamo saa nne na kupwa saa kumi, ila hayaendi mbali, hayajai sana wala hayapwi sana. Kwa hiyo hata bila kitabu ukijua mwezi uko wapi unaweza kukisia, alafu ukampigia simu nahodha au watu wa hifadhi wakuthibitishie na jedwali la maji la mwaka huo, usiende kwa kukisia tu na watoto wa watu.

Ninachokushauri ni siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Ukihesabu kurudi nyuma kwa dakika 50 za kila siku utaona siku hizo maji yanapwa mnamo saa mbili asubuhi, kwa hiyo mkipanda boti saa tatu tope bado liko wazi, ndege wako mezani, mamba wameanza kutoka kuota jua, na bahari imeshaanza kurudi, maana yake kadiri mnavyokwenda maji yanaongezeka chini yenu, hata mkigusa mchanga dakika kumi mnanyanyuka wenyewe. Kupanda boti wakati maji yanashuka ndo kunakoleta yale ya kulala kwenye fungu.

Mwezi wa kalenda sasa. Masika achana nayo, Machi hadi Mei barabara ya kule ina udongo mfinyanzi mweusi, kosta ikishaingia pale ikalowana mtalala hapo. Wanaokwambia nenda Juni au Julai hawajakosea, barabara kavu, hewa nzuri, lakini mtawakosa ndege wageni, wale wa vidimbwi na tope wanaotoka Ulaya na Asia ya kaskazini wakikimbia baridi, wanaanza kushuka kwetu Agosti na Septemba na kuondoka mnamo Aprili. Na hao kwa bayolojia ni nusu ya somo. Ukitaka barabara kavu na ndege wawepo unabaki na mwisho wa Septemba mpaka Oktoba kabla vuli haijakolea, au Januari na Februari. Kwa kidato cha pili wenye mtihani Novemba mi ningechukua Februari, hamna presha ya mitihani. Upepo wa kaskazi unavuma kipindi hicho, baharini kunachafuka mchana, ila nyie mnabaki ndani ya mto na asubuhi, haiwasumbui.

Haya, viboko. Najua ndo watoto watakaposhangilia na ndo mkuu wa shule atakapouliza mliwaona wangapi. Wapo, Wami ina viboko na ina mamba, ila usiwaahidi watoto. Kiboko anapenda maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wengi wanakaa juu kidogo ya pale chumvi inapofikia, kwa hiyo kiangazi mto ukiwa mdogo na chumvi ikipanda juu zaidi na wao wanasogea. Mnachoweza kuona ni masikio, macho na pua tu, alafu anazama dakika tatu, tano, na anaibuka mahali pengine kabisa. Wafundishe kabla ya kwenda kwamba kiboko haogelei kama tunavyodhani, anatembea chini, anajisukuma kwa miguu, na kwamba akipiga miayo mdomo wazi hajachoka, anakuonya. Usiku anatoka kula majani nchi kavu, kama kilo 40 hivi, mchana anakuja kuyashusha mtoni. Hicho kinyesi ndo kinalisha vijidudu, vijidudu vinalisha samaki wadogo na kamba, nao wanalisha kila mnyama mtakayemuona siku hiyo. Ukiwaeleza hivyo hata wakiona masikio mawili tu watakuwa wameona kitu.

Mamba ndo rahisi zaidi, maji yakiwa yamepwa wanalala kwenye kingo. Watoto watauliza mbona kaacha mdomo wazi, anataka kutumeza? Hapana, anapunguza joto, mwili wake hauna jasho. Waulize na swali la nyongeza, mamba wa mto anawezaje kukaa karibu na maji ya chumvi? Ana vitezi kwenye ulimi vinavyotoa chumvi ya ziada. Hapo utakuwa umeingia kwenye mada ya utoaji taka mwilini bila wao kujua kwamba wako darasani.

Lakini mwalimu, mnyama mkubwa kuliko wote pale sio kiboko, ni mikoko, na ndo watu wanaipita mwendo kasi wakikimbilia mamba. Mwambie nahodha mapema, kabla hamjalipa, kwamba mnataka azime injini mara mbili tatu kando ya mikoko, dakika kumi kumi. Wengine hawapendi, wamezoea watalii wa kwenda na kurudi, ila ukimwambia mapema atakubali.

Anza na mchu. Ni ule wenye majani ya kijani iliyofifia chini kuna weupe, na kuzunguka shina lake kumeota vijiti vingi vimesimama kwenye tope kama penseli. Ile ni mizizi ya kupumulia, kwa sababu kwenye tope lile hewa hamna. Mwombe muongozaji avute tawi karibu, kila mtoto aangalie jani moja kwa jua: ataona chembe ndogo zinameta juu ya jani, akizikwangua kwa kucha akalamba ni chumvi. Mchu unakunywa maji yenye chumvi kisha unaitoa kwa majani. Alafu msogee kwenye mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kama matao toka kwenye shina, huo unafanya kinyume, unaizuia chumvi mizizini isiingie, nyingi inabaki nje, ndo maana ukilamba jani lake hupati kitu. Miti miwili imesimama tope moja, bahari moja, kila mmoja umepata jibu lake. Mi sijaona mfano mzuri wa kufundishia jinsi viumbe wanavyoendana na mazingira kuliko huo na hauhitaji maabara.

Na kwenye mkoko huohuo watafutie yale maganda marefu ya kijani yananing'inia, watoto wengi wanadhani ni matunda ya kawaida. Mbegu imeshaota ikiwa bado juu ya mti, inalelewa na mama mpaka inakuwa mche, ndo inaachiwa idondoke, maji yakiwa yamepwa inaweza kuchoma tope ikasimama hapohapo, yakiwa yamejaa inaelea inakwenda kutafuta kwake. Mwanafunzi wako mmoja atasema, mwalimu kumbe na mti unazaa! Mwache aseme.

Mkiwa mmetulia hivyo, injini imezimwa, angalieni tope lenyewe. Mwanzo utaona tope tupu, baada ya dakika mbili tatu linaanza kutembea. Kaa wadogo wanatoka mashimoni, madume wana gando moja kubwa kupita kiasi, jekundu au jeupe, wanalipunga juu chini kuita majike na kutishia majirani, na mkono mdogo ndo wa kulia chakula, wanachota tope wanafyonza kilichomo na kutema kijidonge, ndo vile vidonge vidogo vimejaa kila mahali. Kuna na yule samaki anayetembea nchi kavu, macho yako juu ya kichwa, anajikokota kwa mapezi, anaruka, anapanda hata kwenye mizizi. Anapumua kwa ngozi iliyolowa na anabeba maji kwenye matamvua yake. Mtoto aliyekaririshwa kwamba samaki akitoka majini anakufa atakuwa na maswali ya wiki nzima. Na ile harufu ya yai bovu watakayoilalamikia, usiwaambie wazibe pua, waambie ni gesi ya bakteria wanaoozesha majani mahali pasipo na oksijeni.

Ndege sitaki nikujazie majina. Mtoto wa kidato cha pili hawezi kushika ndege thelathini kwa asubuhi moja, mpe maswali badala ya orodha. Mwambie aangalie midomo na miguu. Mdiria ana mdomo kama mkuki anachupa toka tawini, yangeyange anatembea polepole kwenye maji ya kina kifupi, chekeamwezi wanakimbiakimbia wakidonoa juujuu, sululu ana mdomo mrefu uliopinda anauingiza mpaka ndani ya shimo la kaa. Wote wako tope moja, hawagombani sana kwa sababu kila mmoja anakula kina chake. Tai mla samaki yule mwenye kichwa cheupe mtamsikia kabla hamjamuona. Flamingo hawakai mtoni, wanapenda mabwawa ya chumvi na maji ya kina kifupi, kwa hiyo kama ratiba inaruhusu pitieni upande wa mashamba ya chumvi ya Saadani, na hapo mtapata na somo la kemia bure. Juu ya miti mkipanda na mto angalieni mbega weusi na weupe, na ngedere.

Na jambo hili usilisahau, wakati boti inapanda waambie wahesabu miti inavyobadilika. Mdomoni ni mikoko mitupu, mkisogea juu inapungua, inaanza kuchanganyika na matete na mikindu, mwisho mikoko inaisha kabisa. Hapo ndo chumvi inapoishia. Mstari wa chumvi hauonekani kwa macho ila miti imeuchora.

Kuifanya isiwe pikiniki: wape kazi za mikono. Chukua kifuniko cha ndoo ya plastiki, gawa robo nne, paka rangi nyeusi na nyeupe kwa zamu, funga jiwe chini na kamba juu yenye mafundo kila sentimita kumi. Mnakishusha majini mpaka kipotee machoni, mnasoma fundo. Mmepima uchafu wa maji kwa njia ileile anayotumia mtaalamu, ilianzishwa na padri Angelo Secchi huko Italia mwaka 1865. Fanyeni mdomoni, katikati na juu. Kifaa cha pili ni chupa tatu za maji zilizofungwa kamba, muongozaji ndo achote, sio mtoto, sehemu tatu zilezile. Mkirudi shuleni mnapima mililita 100 za kila chupa mnachemsha mpaka zikauke kwenye sufuria safi mliyoipima uzito kwanza. Maji ya bahari kamili yanatakiwa yabakishe kama gramu tatu na nusu, ya juu ya mto karibu sifuri, na ya katikati ndo wabishane. Hapo waelezee kwamba maji ya chumvi ni mazito, bahari ikijaa inaingia kwa chini, maji baridi ya mto yanapita juu yake, ndo maana ukichota juujuu na ukichota chini unaweza kupata majibu mawili tofauti mahali pamoja. Simu, zikusanye zote ubakize mbili za kupiga picha za kazi.

Usalama. Hapa sitanii. Watoto 40 usiwapakie boti moja hata kama nahodha anasema inabeba. Uliza boti imeruhusiwa watu wangapi, uone cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kwa macho yako, na uhesabu laifujaketi kabla ya kulipa, saizi ya watoto, siyo zile kubwa zinazowatoka kichwani wakiinua mikono. Zinavaliwa nchi kavu na kuvuliwa nchi kavu. Mkono hautoki nje ya boti, hata kuosha vidole, maana mamba hapigi hodi. Kwa viboko sheria ni moja, boti isikae kati ya kiboko na maji ya kina, akitaka kukimbia anakimbilia kinani na chochote kilicho njiani anakipindua, kwa hiyo nahodha akikwambia tunazunguka upande ule usimlazimishe asogee karibu ili watoto wapate picha. Wasisimame wote upande mmoja mamba akionekana, hilo linaweza kupindua boti hata bila kiboko, wazoeze shuleni kwenye madawati: nikisema kulia, wanageuza shingo tu. Jua ni kali, kofia na maji ya kunywa kila mtu na yake, na mwenye pumu au kifafa ujue kabla.

Wagawe makundi. Wa kwanza wakiwa majini wengine msiwaache wakae kwenye gari wanalalamika, wapeleke kijiji cha Saadani na mwalimu wa historia. Pale ni mji wa zamani wa biashara na misafara, alikotawala Bwana Heri bin Juma aliyepigana na Wajerumani miaka ya 1888 hadi 1890, wakati mmoja na Abushiri wa Pangani. Wajerumani wameacha na boma lao. Kundi la pili likitoka mtoni saa tano na nusu hivi maji yatakuwa yamepanda sana, kwa hiyo wao wataona mikoko ikiwa imezama na ndege wamehamia juu ya miti, wa kwanza wameona tope. Usihuzunike kwamba hawakuona kitu kimoja, waache walinganishe daftari wakirudi, kila kundi litadhani lingine linadanganya.

Mwisho la kiofisi: Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa hiyo andika barua ya shule yenye muhuri kwa mhifadhi mapema, mwezi mzima kabla, uulize kiingilio cha wanafunzi, gharama ya boti kwa kundi na kama wanaweza kukupa askari wa kuwasindikiza anayezijua ndege. Taja na tarehe mbili, ya kwanza na ya akiba, zote zikiwa zimepangwa kwa mwezi kama nilivyokueleza, ili ikitokea gari limekwama au mvua imenyesha usije ukasukumwa kwenda siku ya maji mafu. Na ukishapata tarehe nitumie, nikuangalizie saa za maji.